Kiti cha Mbele cha Njoka

Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, bidoni za maji huamka kabla ya watu. Jua likiwa bado halijagusa mabati, zimekwisha kujipanga mbele ya mjigo, ile pampu ya maji ya kusukuma kwa mikono: za njano na za bluu, moja nyuma ya nyingine, baadhi zimezibwa kwa gunzi la mahindi kwa sababu kifuniko kilipotea zamani. Mwenyewe waweza kuwa kitandani unakoroma, lakini bidoni yako ikiwa kwenye foleni, na wewe umo. Nani ataisogeza? Hiyo ni kazi ya rafiki. Hapo kambini watu hawaulizani sana nani anampenda nani; wanatazama tu nani anasogeza bidoni ya nani.

Igiraneza alikuwa na rafiki wa namna hiyo. Aliitwa Charlène, binti wa Papa Byamungu, fundi cherehani kutoka Bukavu. Igiraneza mwenyewe ni Mrundi, na baba yake, Gakiza, alikuwa akitengeneza baiskeli za kabaza, zile zinazobeba abiria. Wasichana hao wawili walikaa dawati moja shuleni, na Jumapili walisimama bega kwa bega katika kwaya ya watoto. Charlène alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na mwoga wa kitu kimoja tu: kupanda juu. Hata meza hakupanda. Kufuta utando wa buibui juu ya kuta za darasa aliwaachia wengine.

Jumatatu ile Igiraneza alipofika mjigoni alikuta bidoni yake imekwisha kuwekwa kwenye foleni, tena karibu na mbele.

"Nilipitia kwenu nikaichukua," Charlène alisema huku akisukuma pampu kujaza yake. "We ulikuwa wapi? Ijumaa sikukuona ku masomo, na Jumamosi na Jumapili ku kwaya vilevile. Mwalimu aliita jina yako, mi nikasema labda uko mgonjwa."

Igiraneza alivuta mkono wa sweta ushuke. Ndani ya kiwiko chake kulikuwa na kipande cha pamba kilichobandikwa kwa plasta.

Ukweli wa pamba hiyo ulikuwa hivi. Baada ya kungoja miaka mingi, jina la Gakiza na jamaa yake lilikuwa limeitwa: wangehamia Canada. Siku zile za mwisho wa wiki walikuwa Lilongwe hospitalini, wakipimwa kifua, macho na damu. Walipokuwa wakirudi, baba aliinama akamwambia Igiraneza sikioni, "Safari haisemwi, mwana wangu. Safari inaonekana siku gari linapokuja."

"Hata Charlène?"

"Hata Charlène."

Si kwamba Gakiza alikuwa na moyo mbaya. Dzaleka wengi hufanya hivyo. Wanaogopa husuda, wanaogopa maneno ya uchongezi. Kulikuwa na jamaa moja jirani waliotangaza safari yao mapema, wakachinja kuku, wakaimba, na wiki iliyofuata safari ikasimamishwa. Mpaka leo wako palepale. Sababu hakuna aliyeijua, lakini majirani waliamini kwamba mdomo ndio uliowaponza.

"Tulienda Lilongwe," alisema Igiraneza. Hilo lilikuwa kweli. Kama angekomea hapo, pasingekuwa na la kusimulia.

"Kufanya nini?"

Igiraneza alitafuta neno. Akakumbuka kitu alichokiona kupitia dirisha la basi, juu ya ukuta mrefu wenye rangi rangi: reli iliyojipinda juu ya nguzo za chuma hadi angani, na vigari vidogo vimejaa watu walioinua mikono. Abiria mmoja alisema pale ni Mapiri, bustani mpya ya michezo, na vile vigari vinaitwa Njoka, kwa jinsi vinavyojinyonganyonga kama nyoka.

"Baba alitupeleka Mapiri," alisema. "Tulipanda Njoka."

Charlène aliacha kusukuma pampu. "We? Ulipanda mpaka juu kabisa?"

"Mpaka juu."

"Na hii?" Mkono wa sweta ulikuwa umepanda tena, na plasta ikaonekana.

"Kuna chuma kinakushika tumboni usianguke," alisema Igiraneza, na maneno yakamtoka kwa urahisi hata yeye mwenyewe akashangaa. "Kilinikwaruza."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kweli ni fupi, lakini hawakutuambia kwamba mwanzo wake ni tambarare na una kivuli kizuri. Wakati wa mapumziko darasa zima lilikuwa limemzunguka Igiraneza. Jules, yule mvulana wa kwaya asiyeweza kukaa bila kumtania mtu, aliuliza kama Njoka inauma. Igiraneza akasema haiumi, ila inapiga kelele. Kesho yake akaongeza kwamba inapita gizani. Keshokutwa yake akaweka ziwa chini yake, ziwa zima, lenye samaki. Uongo haupendi kukaa peke yake; ukimkaribisha mmoja anakuletea na nduguze.

Na katikati ya zogo hilo lote Igiraneza alikuwa mpweke, mpweke kuliko siku alipofika kambini akiwa hamjui mtu. Watoto walimuuliza maswali mengi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza lile alilotaka kulijibu. Alitaka kumwambia Charlène kwamba anaogopa baridi ya huko. Alitaka kumwuliza nani atakaa naye dawati moja. Zaidi ya yote alitaka kulia naye, na ni vigumu kulia na mtu asiyejua kuna nini. Nyumbani nako kila mtu alikuwa na lake la kuficha. Mama yake, Jeannette, aliuza sufuria kubwa akasema imetoboka. Baba aliuza pampu yake nzuri ya baiskeli akasema imemchosha.

Jumamosi iliyofuata, Maman Sophie, mwalimu wa kwaya ya watoto, alipiga makofi mazoezi yalipokwisha.

"Batoto, sikieni! Jumamosi ijayo tumeitwa kuimba ku arusi, Chilinde, Lilongwe. Ruhusa ya kutoka kambini nimeshapata. Na wenye arusi, kwa kutushukuru, watatupeleka Mapiri."

Kanisa lilijaa vifijo. Jules alipanda juu ya benchi. "Tuko na fundi wetu! Igiraneza alishapanda, atatuonyesha!"

Maman Sophie alimtazama Igiraneza kwa muda, kama anayetaka kusema neno akaliacha. "Vizuri," alisema mwishowe. "Basi atakaa kiti cha mbele."

"Na mi nitakaa naye," alisema Charlène.

Kwaya nzima iliangua kicheko. Charlène, mwoga wa meza, apande Njoka! Lakini hakuona haya. "Kama si yeye singepanda," alisema. "Yeye alipanda, akarudi muzima. Mi namwamini."

Igiraneza aliangalia chini. Neno lile lilimwingia kama mwiba, na hakuwa na mahali pa kulalamikia.

Katikati ya wiki baba alirudi na habari nyingine: gari la kuwachukua lingekuja Alhamisi, siku chache tu baada ya arusi. Igiraneza akauliza kama bado anaweza kwenda na kwaya.

"Nenda," alisema baba. "Usipoenda watauliza."

Basi Igiraneza akapanga moyoni. Angemweleza Charlène hukohuko Mapiri, juu kabisa ya reli, mahali ambapo hakuna sikio la mtu mwingine. Hakujua angeanzaje, lakini kuwazia hivyo kulimfariji.

Siku ilipofika waliimba Chilinde mpaka bibi harusi akatoa machozi, wakala nsima, ugali wa Malawi, kwa kuku, wakanawa mikono, na jua lilipoanza kupungua ukali wakaingia lango la Mapiri.

Mbele yao lilisimama gurudumu kubwa kuliko kanisa, linazunguka polepole na watu wamekaa ndani ya vibanda vyake. Kulikuwa na farasi wa mbao wanaopanda na kushuka wakizunguka nguzo, na vikombe vikubwa vyenye watoto ndani vinavyozungushwa mpaka wanaomba visimamishwe. Muziki ulitoka kila upande, nyimbo tofauti zikipigana. Bisi zilinukia siagi na sukari. Na nyuma ya yote hayo, juu ya yote hayo, ilikuwa Njoka yenyewe: reli nyekundu inapanda taratibu, inasimama ukingoni, kisha inaporomoka, inajipinda, inapanda tena. Kila vigari viliposhuka, watu walipiga yowe moja.

"Ziwa liko wapi?" aliuliza Jules.

Chini ya Njoka kulikuwa na majani makavu na kopo la rangi.

"Labda wamelikausha," alisema Igiraneza.

"Na samaki bakaenda wapi? Bakapanda basi?"

Watoto walicheka. Charlène hakucheka. Alimtazama tu rafiki yake, kisha akatazama reli.

Foleni ilipokaribia, Igiraneza akatangulia kama ilivyompasa fundi, akaenda moja kwa moja kwenye mlango. Kijana mwenye kofia ya rangi ya chungwa akamzuia. "Ayi, ayi, apa ndi potulukira," alisema kwa Kichewa. Pale palikuwa pa kutokea. Akawaonyesha upande wa pili.

"We ulishasahau mlango?" Charlène alinong'ona, na sauti yake haikuwa ya utani.

Wakapimwa urefu kwenye ubao uliochorwa twiga, wakapita. Wakakaa kiti cha mbele kabisa. Yule kijana akashusha chuma cha kuwazuia, kikafunga: ka!

Charlène alikishika kwa mikono miwili. Kisha akakiangalia. Chuma chote kilikuwa kimevishwa sponji nyeusi, nene kama mto wa kulalia. Akaibonyeza kwa kidole. Sponji ikabonyea, ikarudi. Akaibonyeza tena. Halafu akageuka, akatazama mkono wa Igiraneza, pale ndani ya kiwiko ambapo plasta haikuwepo tena.

"Njo hii ilikukwaruza?"

Igiraneza aliuficha mkono ule mapajani.

"Igi. Ulishapanda kweli?"

Kengele ikalia. "Hapana," alisema Igiraneza, na vigari vikaondoka.

Vilipanda polepole, mnyororo ukigonga chini yao, koko, koko, koko. Ardhi ilizidi kwenda chini. Charlène alikuwa amefumba macho, midomo imekauka. Igiraneza alinyoosha mkono kumshika. Charlène akauondoa wake. Akaung'ang'ania ule upande mwingine wa chuma, mbali alivyoweza.

Juu kabisa vigari vilisita. Igiraneza aliona mji wote wa Lilongwe, mabati yakimeta, na mbali, upande wa Dowa, vilima vya buluu ambako Dzaleka ilijificha. Hapo ndipo alipokuwa amepanga kusema. Alifungua mdomo, na Njoka ikaporomoka.

Wote nyuma walipiga yowe la furaha. Igiraneza aliona tumbo limebaki juu naye anashuka bila tumbo. Upepo ulimtoa machozi, ama alidhani ni upepo. Walipindishwa kulia, wakapindishwa kushoto, wakarushwa juu tena, na muda wote Charlène hakutoa sauti. Kiti kilikuwa cha watu wawili, lakini Igiraneza alisafiri peke yake.

Waliposhuka, Charlène alipepesuka mpaka kwenye uzio akatapika. Igiraneza alimkimbilia na chupa ya maji. Charlène aliisukuma.

"Ulinipandisha mu kitu hata we mwenyewe hukijui."

"Charlène, samahani, nilitaka—"

"Ningeanguka je?"

"Usingeanguka."

"Ulijuaje?"

Igiraneza alirudisha kifuniko cha chupa, akakikaza.

"Nilipita kwenu kuchukua bidoni," alisema Charlène huku akifuta mdomo. "Mwalimu alipouliza, nilikutetea. Na we ukaniona mujinga." Akaondoka, akaenda kusimama na wengine penye vikombe.

Igiraneza alikaa kwenye benchi karibu na kibanda cha bisi. Wenzake walipanda Njoka mara ya pili, wakapanda farasi, wakapanda gurudumu. Kila walipopita juu alisikia wakiitana majina. Lake halikuitwa. Hakuwalaumu.

Baadaye benchi lililia, na Maman Sophie akawa amekaa kando yake, viatu vyake vya harusi amevishika mkononi.

"Njoka ilikufanya nini?"

"Si Njoka, Maman."

"Najua." Maman Sophie alikanyaga nyasi kwa nyayo zilizochoka. "Ile pamba ku mukono niliiona wiki ile ulirudia toka Lilongwe. Batoto bengi ya kwaya yangu balisharudia na pamba namna ile. Halafu Jumapili moja ninaita jina, hakuna mwenye kuitika."

Igiraneza alishtuka. "Sikusema kitu, Maman! Sikumwambia mtu!"

"Na mi sikuulizi. Siri ni ya baba yako, itunze vizuri. Lakini lile ziwa la chini ya Njoka, lile ni la nani?"

"Langu."

"Njo hilo. Siri ulipewa. Uongo ulijishonea mwenyewe. Charlène alipokuuliza, ungemwambia: kuna neno baba amenikataza kusema. Angekasirika siku moja, halafu angekusogezea bidoni yako." Alianza kuvaa viatu. "Cha baba umrudishie baba, umwombe ruhusa. Chako ukakivunje mwenyewe. Na usichelewe, mwanangu. Wenye pamba ku mukono habana siku nyingi."

Katika basi la kurudi Charlène alikaa nyuma kabisa, kati ya wasichana wengine. Alishuka bila kusema kwaheri.

Kesho yake, baada ya ibada, Igiraneza alimkuta baba mbele ya kibanda chake akinyoosha gurudumu la kabaza. Gakiza alikuwa akilizungusha, analitazama linavyoyumba, anakaza waya mmoja, analizungusha tena.

"Baba, nataka kumwambia Charlène."

"Hapana."

"Baba—"

"Nilikwambia safari haisemwi."

"Sikusema safari. Nilidanganya." Na Igiraneza akamweleza yote: Mapiri, ziwa, samaki, chuma kilichomkwaruza, na sponji. Aliposema sponji, mdomo wa baba ulitaka kucheka. Aliposema jinsi Charlène alivyotapika akaondoka, haukutaka tena.

"Hakusemeshi?"

"Hanitazami hata."

Gakiza aliliacha gurudumu lizunguke mpaka likasimama lenyewe.

"Siku tuliyotoka Burundi," alisema, "nilimwambia ndugu yangu Épitace kwamba nakwenda sokoni Kayanza. Ilibidi tutoke kimya, mtu yeyote angeweza kutusikia. Épitace akanipa mfuko wake, akasema nimletee sabuni." Alichukua kitambaa, akafuta mikono ambayo haikuwa michafu sana. "Nilipompata kwenye simu, baada ya muda mrefu sana, hakuniuliza kwa nini nilikimbia. Alijua. Aliniuliza tu: 'Na sabuni yangu?' Tukacheka wote wawili. Lakini si kicheko kizuri kile. Mpaka leo tukiongea, kila mmoja anapima maneno ya mwenzake."

Igiraneza hakuwahi kusikia habari hiyo. Hakujua hata kama baba yake aliwahi kumdanganya mtu.

"Hofu yangu ilikuwa na sababu," alisema Gakiza. "Ningeweza kumshika mkono nikamwambia, 'Usiniulize ninakokwenda.' Angeelewa. Badala yake nilimwachia uongo na mfuko mtupu." Akatazama barabara, ambako majirani walikuwa wakipita na Biblia zao. Bado alikuwa anaogopa, na Igiraneza aliiona hofu hiyo usoni pake. "Mwambie. Yeye tu. Umwombe afunge mdomo mpaka Alhamisi. Kama akishindwa, basi, tutajua."

Jumatatu Igiraneza aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Alipita kwa Papa Byamungu, akaichukua bidoni ya bluu iliyokuwa nje ya mlango, akaiweka kwenye foleni mbele ya yake ya njano. Kila foleni iliposogea akaisogeza ile ya bluu kwanza.

Charlène alikuja anakimbia, kitambaa cha kichwa kimefungwa vibaya. "Nani alikuambia uguse bidoni yetu?"

"Hakuna." Zamu yao ilikuwa imefika. Igiraneza alishika mpini wa pampu, akaanza kusukuma ili maji yapige kelele na kufunika maneno. "Charlène, sikwenda Mapiri siku ile. Tulikwenda hospitali. Walitutoa damu, ndiyo maana ya plasta. Tumeitwa Canada. Tunaondoka Alhamisi."

Charlène alibaki ameshika kifuniko mkononi.

"Alhamisi hii?"

"Hii."

"Na we ukaniambia Njoka."

"Baba alinikataza kusema safari. Kukudanganya hakuna aliyenituma. Hilo ni langu, na naomba unisamehe."

Maji yalijaa, yakafurika, yakaanza kutiririka kwenye matope. Mama mmoja nyuma akapaza sauti: "We batoto! Maji inamwangika!" Hawakumsikia.

"Ungesema tu kwamba hauna ruhusa," alisema Charlène. "Mi ningenyamaza. Mi niko mutoto wa Dzaleka, si nilishaona bengi bakienda?" Machozi yalimshuka, naye akayaacha yashuke. "Siku hizi zote tungekuwa tunaagana, Igi. We ukawa unaniambia juu ya ziwa."

Hilo lilimuuma Igiraneza kuliko matusi yote ambayo angeweza kutukanwa. Siku zile zilikuwa zao, na alikuwa amezitumia kufuga samaki wasiokuwepo. Alilia, akasema, "Nisamehe," akasema tena, kwa kuwa hakuwa na neno jingine.

Charlène alisukuma bidoni ya bluu pembeni kwa mguu, akaivuta ya njano chini ya mdomo wa pampu. "Sukuma basi," alisema. "Na samaki balikuwa wa aina gani?"

"Chambo, wale wa Ziwa Malawi."

"Chambo, Lilongwe!" Charlène alicheka huku analia, na Igiraneza akacheka naye.

Siku hiyohiyo, mapumziko, Igiraneza alisimama mbele ya wenzake akasema kwamba kabla ya Jumamosi alikuwa hajawahi kupanda Njoka, na yote aliyowasimulia aliyatunga. Walimzomea, na Jules akampa jina la Maman Ziwa. Alivumilia, alistahili hilo na zaidi. Mtu mmoja aliuliza, "Sasa ulikwenda Lilongwe kufanya nini?" Igiraneza akajibu, "Sina ruhusa ya kusema." Jules akamgeukia Charlène. "We unajua?" Charlène akafungua kitabu chake cha hesabu. "Niulize hesabu," alisema.

Siku zilizobaki walikaa pamoja kila saa waliyopewa. Hawakuzungumza sana juu ya safari. Walitunga shanga, walimenya njugu, waliimba. Na Charlène, ambaye kwao palikuwa na midomo mingi na majirani wengi, hakumwambia mtu, hata Papa Byamungu.

Alhamisi gari lilikuja alfajiri, na kama kawaida ya Dzaleka, mlango mmoja ulifunguka, kisha mwingine, watu wakatoka na vitenge mabegani wakishika vinywa kwa mshangao. "Gakiza! Kumbe!" Mtu mmoja tu hakushangaa. Alikuwa amesimama tayari, amevaa gauni la kwaya, kitambaa kimefungwa vizuri.

Walikumbatiana. Hapakuwa na la kuelezana tena, na hiyo ndiyo ilikuwa ahueni yao. Kisha Charlène akaichukua bidoni ya njano kutoka mlangoni, akaondoka nayo bila kugeuka.

Ndani ya gari Gakiza alikaa karibu na binti yake. Alishika simu mkononi.

"Jana nilimpigia Épitace," alisema. "Nikamwambia, 'Kesho naondoka, naenda mbali, nakuaga.' Akaniombea safari njema. Mara ya kwanza kuagana naye." Akaiweka simu mfukoni. "Sikia, mwana wangu, na mimi nimejifunza nikiwa na mvi. Mdomo uliofungwa haumkosei mtu. Mtu akikupa siri, ufunge, wala usione haya kusema kwamba umeufunga. Ila usiufungue ukatoa uongo, kwa maana anayekuamini atapanda popote ulipomwambia wewe umepanda. Yule mtoto nilimwogopa bure. Ametunza siri yetu kuliko mimi mwenyewe."

Igiraneza aliitikia kwa kichwa. Alijua sasa kwamba huko waendako hatakuwa na mtu wa dawati lake, na kwamba upweke huo utakuwepo kesho na keshokutwa. Lakini ulikuwa upweke wa mtu aliyeaga.

Gari lilipunguza mwendo penye mashimo karibu na mjigo. Foleni ilikuwa imekwisha kujipanga, za njano na za bluu, na watu wachache wamesimama na miayo yao. Igiraneza alibandika uso kwenye kioo. Mama aliyekuwa mbele alibeba maji yake akaondoka, na foleni ikasogea. Charlène akasogeza bidoni yake. Kisha akainama akasogeza ya Igiraneza.